Wimbo wa Tano Kwenye Flashi

Dobini, 2 Februari

Mwanangu Chiriku,

Usishangae kuona barua. Simu yangu ya tatu nayo imekufa. Imekunywa mvuke wa dobi mpaka kioo kikaota ukungu kwa ndani, na mwenye dobi kanicheka mpaka nimeapa sinunui tena. Karatasi hainywi mvuke. Ikilowa naipiga pasi.

Mimi mzima, magoti tu. Baba yako naye mzima, ukitaka kujua na hata usipotaka. Bado anaziba mabomba ya watu, bado anakula akiwa amesimama, bado mlango wake wa mbele anauzuia kwa kiatu kuanzia asubuhi mpaka jioni, nzi wanajiingilia kama kwao. Nikimtajia habari zako ananiambia, "Dada, angalia pasi isiunguze." Ndiyo majibu yake.

Sasa sikiliza. Mwaka wa pili huu baba na mtoto hamsemezani kwa ajili ya gitaa. Nilinyamaza nikidhani mtachoka. Hamkuchoka, nimechoka mimi. Mdogo wangu namjua tangu nikimbeba mgongoni. Kelele hazimsumbui, kutwa anashinda na misumeno ya chuma. Si mtu wa kumvunjia mwanawe gitaa kizingitini. Basi kuna kitu ndani ya hizo nyimbo zenu za roki. Nitumie tano uzipendazo kuliko zote, na kwa kila moja niandikie inakupendezea nini. Usiniandikie "ni kali tu, Shangazi". Nieleze kama unavyomweleza mteja kwa nini achukue miwani hii aache ile. Redio mpya ya hapa kazini ina tundu la flashi.

Nataka kujua ni nini kilichomshinda mdogo wangu. Nikikielewa labda nitawapatanisha kabla magoti hayajanigomea kabisa.

Shangazi yako wa Pasi

*

Duka la miwani, 11 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye jiwe la kusagia lenzi, nikacheka mpaka nikaiharibu lenzi ya mwalimu mmoja. Angeivaa ile angewaona wanafunzi wake wote mapacha.

Kwanza uelewe jambo. Roki ninayoipenda mimi si ile ya viwanja vikubwa na moshi wa rangi. Ni ya bendi ndogo zinazojirekodi zenyewe, chumbani, stoo, popote, bila kampuni ya kuwaambia hapa punguza, hapa ongeza. Kwa hiyo utasikia makosa. Mimi kutwa nasaga vioo visiwe na hata mkwaruzo mmoja. Nikitoka kazini nataka kusikia kitu chenye mkwaruzo.

Wa kwanza ni "Ngazi", wa bendi inaitwa Jumatatu Butu. Gitaa mbili zinagombana mwanzo mpaka mwisho, moja ikipanda nyingine inashuka, na mwimbaji anapita katikati yao akiomba radhi. Sauti yake si nzuri hata kidogo. Anaimba kama mtu anayewahi kukuambia jambo kabla basi halijaondoka, na mimi mtu wa hivyo namsikiliza.

Wa pili ni wa Wapangaji wa Chumba Tisa, "Dari Linavuja". Pale anayeimba hasa ni besi. Weka kiganja juu ya spika. Nyimbo nyingi zikifika kwenye kiitikio zinapaza sauti, huu unanong'ona. Mara ya kwanza nilidhani simu imezimika.

Wa tatu ni Dada wa Saruji. Dakika moja na nusu, wanawake watatu wanamfokea bosi. Huo hauhitaji maelezo, uweke siku mwenye dobi akikuudhi. Wa nne ni mrefu, wa Nyaya za Nje, na dakika nne za mwanzo hauna neno. Vumilia. Dramu zikiingia utajua kwa nini nilikuambia uvumilie.

Wa tano nimeuweka mwisho kwa sababu huo ndio wangu. Hauna jina wala bendi. Mtu alinunua redio kuukuu mnadani, akakuta kaseti ndani yake, akaupandisha wimbo mtandaoni ili wenyewe wajitokeze. Mwaka wa tatu sasa, kimya. Ni gitaa moja, sauti ya mwanamke, na mdundo ambao hakuna anayejua ni wa nini: pshii-tak, pshii-tak, pshii-tak, halafu wa nne unachelewa, pshiiii... tak. Watu wanabishana mtandaoni mpaka wanatukanana. Huyu kasema ni treni, yule kasema pampu ya baiskeli. Mimi naupenda tu huo wa nne. Kila unapochelewa na moyo wangu unasubiri, hata leo ambapo nimeshausikia mara elfu.

Na maneno yake! "Mlango nimeuzuia kwa kiatu, ukija usibishe hodi." Siku ya kwanza nilicheka kwa sababu ya Baba, kisha nikalia, sijui kwa nini. Na mwisho wake, Shangazi, haupo. Anaanza ubeti wa tatu, anatoa neno moja tu, "Na", gitaa linakatika, paka analia kwa mbali, basi. Kila mwanamuziki anahangaika kutafuta mwisho mzuri. Huyu kaukataa. Sijawahi kusikia ujasiri kama huo.

Unasema Baba hasumbuliwi na kelele. Nimeshangaa. Nyumbani kwetu hakukuwahi kuwa na wimbo hata wa kupikia. Nikiimba aliniambia hajui nimeyatoa wapi, marehemu mama yangu alikuwa mtu mkimya, yeye na vifungo vyake vya kushona. Nilikuwa na miezi kumi alipofariki, siwezi kubisha.

Mwanao, Chiriku

*

Dobini, 20 Februari, mchana

Mwanangu,

Flashi imefika, nimeichomeka, nakuandikia huku nikisikiliza. Wenzangu wametoka kwenda kula.

Wa kwanza nimeuelewa upesi. Hizo gitaa mbili ni mimi na mwenye dobi. Wimbo huo ni wa kupigia pasi suruali: unapanda na mshono, unashuka na mshono.

Wa pili ni wa mashuka, hauna haraka. Kiganja niliweka juu ya spika kama ulivyosema, nikasikia mtu kama anatembea ndani ya mkono wangu. Wa tatu nimeurudia mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimeuacha wazi mlango wa ofisi. Hao dada wabarikiwe.

Wa nne nilisinzia. Hizo dramu ziliponishtua nilikuwa nimeshaunguza shati la watu kwapani. Uliniambia nivumilie, hukuniambia nizime pasi!

Lakini nimeanza kuona unachokitafuta. Hawa watu hawajifichi. Ila cha kumfanya mtu mzima avunje gitaa sijakisikia bado. Haya, naweka huo wa tano wako.

Chiriku

Mashine imeharibika. Nitakuandikia.

Shangazi

*

Duka la miwani, 1 Machi

Shangazi, shikamoo.

Mashine gani imeharibika, pasi au redio? Nimesubiri, hakuna kitu. Mwandiko wako wa mwisho umetetemeka, na ile karatasi ilikuwa na mikunjo, wewe ambaye hata bahasha unaipiga pasi. Kama wimbo wa tano hukuupenda sema tu, sitakufa.

Kuna jambo sikukuambia. Siku ile ya gitaa, huo ndio wimbo niliokuwa naupiga. Nilikuwa nikiusikiliza kwa visikizio tu, Baba hakuwahi kuujua, na gitaa lenyewe ndiyo kwanza nimeliingiza ndani. Nimeketi sebuleni, nimefika "ukija usibishe hodi", akatokea na mabomba begani. Aliyaangusha yote, akaninyang'anya gitaa, akalipiga kizingitini mara moja, akalipiga mara ya pili, akatoka. Nilifungasha nguo zangu na hakuja kunizuia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko gitaa.

Sasa nina habari mbili. Tarehe 30 Machi mimi na wenzangu wawili wa dukani tunapiga ukumbini, mbele ya watu, na wimbo wa kufunga ni huo. Ubeti wa tatu tumeamua tuutunge wenyewe. Habari ya pili, nimepata kazi kiwanda cha lenzi, ng'ambo. Naondoka tarehe 5 Aprili, mkataba wa miaka minne. Nitapita dobini kukuaga wewe. Nyumbani siendi, na Baba usimwambie. Maji yakimwagika hayazoleki, na safari hii aliyeyamwaga ni fundi bomba mwenyewe.

Chiriku

*

Dobini, 8 Machi

Mwanangu,

Kaa chini. Kama jiwe la lenzi linazunguka, lizime.

Nilikudanganya. Hakuna mashine iliyoharibika, iliyoniharibikia siku ile ni miguu. Niliweka wimbo wako wa tano, nikasikia pshii-tak, na goti langu la kulia likapanda na kushuka lenyewe, kichwa hakijajua kitu. Mkanyago wa nne ukachelewa. Chiriku, na goti likachelewa nao! Hiyo si treni wala si pampu. Ni pasi yangu. Ni hii pasi kubwa ya mvuke ninayoikanyaga mwaka wa ishirini na saba huu. Springi yake ya pedali ilikatika zamani, wakaweka ya mlango, na tangu hapo kila mkanyago wa nne unakwama kidogo ndipo ifunge. Wanaoijua ni mimi na goti langu. Wimbo wako umerekodiwa hapa hapa nilipoketi!

Bado nimeshika kifua, sauti ikaingia.

Nilipiga yowe wenzangu wakarudi mbio na vijiko mkononi. Sauti ile naijua. Iliimba uani ikianika nepi zako. Ni wifi yangu. Ni mama yako, Chiriku.

Eti mtu mkimya! Mama yako hakuwa mkimya hata usingizini. Baba yako aliniapisha siku ya tatu baada ya mazishi nisije nikakutajia kwamba mama yako alikuwa anaimba. Nilidhani ni uchungu wa siku zile, nikaapa, halafu nikakishika kiapo kijinga mpaka umekuwa mtu mzima. Nisamehe. Lakini kwamba alirekodi, tena humu ndani, hilo hata mimi nimepigwa na butwaa. Wiki aliyofariki ufunguo wangu wa dobi ulipotea, nikasemwa hapa kama mwizi, nikalia machozi ya kweli. Kumbe!

Nilikwenda kwa baba yako nimebeba redio. Sikumsalimia. Nikabonyeza. Alikuwa anakata bomba. Kusikia mkanyago wa kwanza tu, akashika ukuta. Sauti ilipoingia akaketi sakafuni katikati ya vyuma vyake, akaniuliza, "Dada, umeitoa wapi hii?" Nikamwambia, "Kwa mwanao. Ndiyo aliyokuwa anaipiga ukamvunjia." Akasema, "Nilidhani nimerukwa na akili. Nilidhani ni yeye karudi." Kisha akaniomba niurudie. Nimeurudia mpaka betri zikaisha.

Habari ya safari sikumpa, uliniomba. Nimemwekea kalamu na karatasi mezani nikamwambia yaliyobaki ni yake.

Shangazi

*

Duka la miwani, 14 Machi

Shangazi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma sakafuni. Leo nimevunja lenzi nne na hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Miaka mitatu! Miaka mitatu sauti hiyo iko masikioni mwangu, nawashika watu mkono nawaambia "msikilizeni huyu mwanamke", na huyo mwanamke ni Mama! Mimi ambaye sina hata picha yake akicheka. Nimepanda naye mabasi, nimesimama naye foleni ya benki, nikamweka mfukoni nikaingia kazini. Nina hasira mpaka meno yananiuma, nina furaha, na nina aibu. Mtoto gani asiyeijua sauti ya mama yake?

Mwambie Baba sitaki samahani. Nataka jibu: kwa nini alinificha? Akinijibu ukweli nitajua la kufanya. Asiponijibu naondoka tarehe 5, na hilo sasa unaweza kumwambia.

Chiriku

*

Nyumbani, 22 Machi

Mwanangu,

Mimi si mtu wa kalamu. Hii ni karatasi ya saba, sita nimezichana. Shangazi yako kaketi mlangoni, kasema haondoki mpaka nimalize.

Umeuliza kwa nini. Nakujibu.

Tulikuwa watatu. Mama yako gitaa na sauti, Fundi Magodoro dramu, mimi besi. Ndiyo, besi. Funga mdomo, nzi wataingia. Tulipanga kurekodi Jumapili mchana, dobi ikiwa imefungwa, kwa sababu chumba cha nyuma kina kuta nene. Ufunguo nilimwibia dada, na leo nimemwambia mwenyewe, kanipiga kibao. Siku hiyo Fundi Magodoro hakutokea, na uzi mmoja wa besi yangu ulikatika kabla hatujaanza. Mama yako akacheka. Akasema, "Basi wewe kanyaga hiyo pasi." Nikakanyaga.

Alikuwa na homa, siku ya pili ile. Asubuhi nilimwambia twende hospitali. Akasema, "Kesho. Leo chumba ni chetu." Nami nikakubali upesi mno, kwa sababu wimbo ule niliutaka kuliko alivyoutaka yeye. Jumatatu hakuweza kusimama. Alhamisi tukamzika. Daktari alisema labda siku moja isingebadilisha kitu. Hiyo labda ndiyo niliyolala nayo na kuamka nayo miaka ishirini na tatu.

Kaseti nilimpa Fundi Magodoro nikamwambia aitupe. Kumbe aliiacha ndani ya redio yake. Gitaa nililigawa. Niliona nikikulea bila wimbo hutaniuliza, na usiponiuliza sitalazimika kukuambia kwamba mama yako alichelewa hospitali kwa ajili ya wimbo wangu. Ndipo siku ile naingia na mabomba, namsikia. Maneno yake, na sauti yake, Chiriku. Wewe huijui sauti yako. Sikukuona wewe pale kwenye kiti. Nilimwona yeye na homa yake, na lile gitaa likimchelewesha tena, nikafanya nililofanya. Wakati unafungasha nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeshikilia tangi la maji. Sikukuacha uende kwa kiburi. Nilikuonea haya. Samahani umesema huitaki, lakini nimeiandika, iko hapo.

Dada kanisomea barua yako ya nyimbo tano. Umeueleza vizuri huo wa tano, ila kuna mahali umekosea, na anayejua ni mimi peke yangu.

Hapakuwa na paka. Ulikuwa wewe. Tulikulaza ndani ya kapu la mashuka nyuma ya pasi, ukalala wimbo mzima, pshii-tak haikukusumbua hata kidogo. Mama yako alipofungua mdomo aanze ubeti wa tatu, ukaamka ukalia. Akaweka gitaa chini akaja kukubeba. Nilimpigia kelele, "Malizia kwanza!" Akasema, "Wimbo utasubiri, huyu hasubiri." Tukakubaliana turudie wiki inayofuata.

Ubeti wa tatu ninao. Haujawahi kuandikwa na hapa siuandiki. Nawaomba msitunge wenu. Sauti yangu ni ya bomba bovu, lakini nitakuimbia ukiwa umeketi mbele yangu, kisha uende nao huko ng'ambo. Safari sikuzuii. Nilishawahi kumzuia mtu asiende mahali alipotakiwa kwenda.

Kiatu mlangoni alianzisha yeye, kwa sababu alikuwa na wewe mkono huu na ndoo mkono huu. Mimi sikuweza kuacha. Kiko pale mpaka sasa ninapoandika, dada kakikalia.

Baba yako

*

Duka la miwani, 26 Machi

Baba, shikamoo.

Nimeusikiliza tena ule mwisho. Nimeongeza sauti mpaka spika ikalalamika. Baada ya mimi kulia kuna nyayo, Baba. Hatua mbili, halafu kaseti inakatika. Nyayo hizo sikuwahi kuzisikia, kwa sababu siku zote nilikuwa nashangaa gitaa.

Wenzangu nimewaambia tarehe 30 tutaishia pale pale alipoishia yeye, na atakayeuliza kwa nini nitamwambia. Kwenye tangazo la ukumbini wimbo sasa una jina la mwenyewe.

Tarehe 1 nakuja kwa basi la asubuhi, nitakaa hadi siku ya safari. Mwambie Shangazi aondoke juu ya kiatu. Na wewe tafuta nyuzi za besi, zote nne.

Sitabisha hodi.

Chiriku